Wimbo Wangu Basiunyooshe

Masika wangu,

Habari ya sabuni, ya kikwembe cha kulalia na ya kulipa gari, hautaikuta humu. Mama yako mudogo wa Beni iko na kinywa cha kukuambia ile yote, tena kwa kurudilia, na wewe ulisha kuwa mukubwa, haungojee barua ya mama juu ya kuosha sufuria. Mimi naandika juu ya maneno ya jana. Tulikula ile bugali kama batu banangojea hukumu. Wewe ukasema, mimi nikakosa kujibu, na unajua vile kukosa jibu kunaniumiza kupita jino.

Ulisema: "Mama, wimbo ni wimbo tu. Kama banaunyoosha kidogo, kuko ubaya gani?"

Nilinyamaza, ukafikiri nimekubali. Ata! Sikukubali. Nilinyamaza juu jibu lilikuwa refu, na baba yako alikuwa anatafuta mufupa mu samaki yake, na hakuna mutu anaweza kusema neno kubwa mbele ya mutu anatafuta mufupa. Basi leo, wakati uko unazunguka mutaa wetu wa Mususa kuaga bashangazi zako, nimekaa ku mulango fasi kuko mwangaza, na nitakujibu. Hii barua nitaiweka katikati ya kitabu chako cha nyimbo. Usiisome mbele gari ipite Kabasha, kule njia ya Beni. Najua utaifungua kabla gari ifike ata Maboya. Haizuru, uko mutoto wangu.

Huyu Jérémie, mupiga kinanda wa Beni, simuchukie. Alikuja hapa na viatu bisafi, akakunywa chai yangu, akasema korali yao inataka kuweka wimbo wangu ku kasete, na wewe utaimba sauti ya kwanza juu unaujua kuliko bote. Nilifurahi, mais nilifurahi mapema. Kiisha akaweka kikombe chini, akaanza kupiga vidole ku meza: "Tena, mama, wimbo yako inachechemea. Sikiliza: moja, mbili, kiisha kuko kitu inakwama. Tutainyoosha. Itaenda mbili mbili, batu bacheze." Na wewe ukatikisa kichwa! Niliona. Ulitikisa kichwa kwa mugeni mbele ya mama yako.

Mimi sitakuwa Beni siku atawasha groupe ya umeme na kufungua masini yake. Paka wewe, wewe tu. Ukisema ndiyo, wimbo utanyooka, na wenye kasete batafikiri ulizaliwa vile. Ukisema hapana, utabakia vile nilivyouacha. Njo maana nataka ujue ni kitu gani iko ndani, na ukiisha kujua, utaamua mwenyewe.

Sikia sasa. Mwanzo, ule wimbo ulikuwa umenyooka.

Unakumbuka vile tulikuwaka tunaenda ku mashamba ile myaka ya vita, bamama bengi pamoja, juu hakuna mwenye alisubutu njia peke yake. Tukifika tulijipanga mustari moja. Mutu moja anaimbisha, bengine banaitikia, na majembe inapanda pamoja, inaanguka pamoja. Ni vile bamama zetu balilima, na bamama zao. Mwenye hafuate wimbo anaacha fasi haijalimwa mbele yake, na bote banaiona, na atachekwa mpaka ku nyumba. Basi wimbo wa shamba ni paka wa mbili: panda, anguka. Hakuna ya tatu.

Mwezi moja bakatuibia. Basoda ba leo bakachukua, kesho bakakuja bengine na kofia ingine, bakachukua yenye ilibakia. Mimi nililima na hasira, na hasira ikanipatia maneno. Sikukaa ku meza na kalamu kama mutu wa masomo. Nilisukuma jembe, neno likatoka:

Mbuzi yangu bamekamata, maharagi bamekamata,
mulango bamevunja, sikukuwa na kufuli.
Amani yangu Yesu aliiweka ndani,
nani ataipora? Nani ataipora?

Kanyere, ule rafiki yangu wa sauti nene, akaitikia nyuma yangu: "Nani ataipora!" Akaongeza: "Bakuje batafute!" Mustari wote ukacheka. Ile siku tulimaliza shamba mapema, na mikono haikuuma. Tukabeba wimbo ku kanisa, bababa ba korali bakauandikia sauti ine, na siku ya Mungu ulipoimbwa, ata bazee benye kulala mu mahubiri balisimama.

Sasa basoda balikuwa bamekaa mu nyumba ya masomo, pale pembeni ya kanisa. Balikuwa banasikia kila repetisyon. Siku moja, mutu moja wa kwao alinifuata ku njia, ameshika kofia mu mukono, kijana wa adabu kabisa. "Mama, wimbo yako inatupendeza sana. Sisi bote tunaijua." Na mimi, Masika, mimi mama yako mwenye kinywa, nilichekelea! Nikamupatia ndizi. Nikafika ku nyumba nikamuambia baba yako, nikaambia jirani, ningeweza kuambia kuku. Baba yako alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa. Akauliza tu: "Na unafurahia nini?"

Nilijibu eti wimbo wa Mungu unaingia ata mu kambi. Kumbe!

Kiisha tukabasikia asubui moja banapanda barabara ya kwetu. Balikuwa na mbuzi za ule mujane wa ng'ambo ya muto, bamezifunga kamba, na batu babili ba kwetu bamebebeshwa magunia. Na banaimba. Wimbo wangu! Sauti safi, mistari imenyooka, buti zinapiga chini fasi majembe yetu yalikuwa yanapiga. Maneno tu balikuwa bamegeuza. Pale pa "nani ataipora", bao baliimba "nani atatupiga".

Nilisimama ku mulango na mukono mu kinywa. Ule kijana wa adabu alipita, akanisalimia na kichwa. Aliona kama ananiheshimu.

Ile haikuwa zambi, na siungame kama zambi. Ilikuwa ujinga, na ujinga yangu naijua jina: nilipenda sifa, sikuuliza inatoka mu kinywa cha nani. Tena nilikuwa sijui kama wimbo wenye jembe inaweza kufuata, buti pia inaweza. Nani angenifundisha? Bamama zetu balikuwa na majembe tu.

Toka ile asubui nilifunga kinywa. Ku shamba, Kanyere alianzisha, sikuitikia. Ku kanisa, niliomba ruhusa, nikasema koo inauma. Na usiseme mama yako alikuwa na amani ile wakati, juu aliandika wimbo wa amani. Sikukuwa nayo ata kidogo. Nilikuwa naomba na meno yamefungana: "Nyamuhanga, Mungu wangu, uliniona nikikuimbia, na ukabaacha bachukue ata ile?" Niliendelea kuomba juu nilitaka aone vile nimekasirika.

Kiisha vita ikaingia muji.

Hapa nitaandika polepole. Ile siku baba yako alikuwa ameenda Kayna kutafuta mbao, basi tulitoka sisi watatu. Mimi nilibeba sufuria na unga. Wewe ulibeba Muhindo ku mugongo. Alikuwa muzito, yule kaka yako mudogo! Tulimulea na sahani zetu zote mbili, na alikuwa anajilegeza kama gunia kila akibebwa. Ulikuwa unatembea mbele yangu, na mimi nyuma nakupigia makelele: "Funga vizuri, Masika, anaanguka!" Wewe unajibu bila kugeuka: "Nimefunga, mama, ni yeye analegea!" Hatua, hatua, kiisha unainama kidogo unamunyanyua. Hatua, hatua, unamunyanyua. Tulienda vile mpaka ku mulima, ku kile kibanda cha majani cha shamba. Na Muhindo anacheka kila ukimurusha. Kwake ile vita ilikuwa muchezo.

Homa ilimukamata kule. Dawa ilikuwa kule Butembo tulikotoka, na njia ilikuwa imefungwa. Nilimupanguza na maji, nilimupatia majani yenye bibi yako alinionyesha, nilisema kila ombi lenye najua na ingine sijui. Wewe ulikaa ku kichwa yake unafukuza inzi. Ulikuwa haulie. Baba yako alitufikia siku Muhindo alisha kutuacha. Alikuwa amezunguka na pori, miguu imechubuka, na akatutengenezea sanduku na mbao ya kitanda cha kibanda, bila musumari, akaifunga na kamba.

Najua sababu unaenda kusoma kazi ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, Masika. Haujaisema na mimi sijauliza. Baba yako pia anajua, njo maana amekutengenezea ile sanduku ya kusafiria muzuri vile.

Unajua desturi yetu. Mutu akifa, batu banakuja, moto unawaka inje, bamama banalala chini pamoja na mufiwa, nyimbo zinaendelea mpaka asubui, siku kwa siku. Ata mutoto wa kunyonya anapata matanga yake. Muhindo hakupata. Basoda balikuwa ku mulima wa pili, na moshi ingetuonyesha. Tulilia na kikwembe mu kinywa. Tulimuzika kimya, na ile kimya sijaisamehe mpaka leo, na sina haraka.

Tuliporudi ku Mususa, nilikuwa na wimbo mupya mu kichwa. Hapana mupya. Maneno ni yale yale, sauti ni ile ile, mais ulikuwa na hatua ya tatu. Fasi niliitoa ile ya tatu, nitakuambia mbele ya kufunga hii barua. Hakuna mwenye nilisha kuambia, ata baba yako.

Juma ile ile, Muzee Kasereka akakuja. Ni muzee wa kanisa, unamujua, mutu wa kikohozi na wa kofia. Alikuja na bengine babili. Bakakaa. "Mama Masika, pole na mutoto." Nikasema asanti. "Komanda anafanya siku kubwa ku uwanja. Ameomba korali yetu, na ameomba wimbo yako. Basoda batatembea, korali itaimba. Ni heshima kwa kanisa."

"Na tukikataa?"

Akakohoa. "Fasi iko bazee hakuharibike kitu, mama. Wewe imba tu. Usituletee maneno."

"Nitaimba, muzee. Sitakosa ata neno moja."

Kanyere alikuwa anamenya viazi pembeni. Aliniangalia, akaacha kisu. Anajuaka sauti yangu.

Nilifundisha bamama ku shamba, siyo ku kanisa. Wee, tuliteseka! Mikono ilizoea mbili. Hatua, hatua, kiisha nawaambia: hapa ngojea, inua pumzi, kiisha uanguke. Majembe iligongana, Kanyere akajipiga ku kidole cha muguu akanitukana na Kinande. "Hii haiko wimbo, ni shimo mu njia!" Nikamuambia: "Ee, njo hiyo." Akasimama, akaangalia chini upande wa uwanja, akaangalia mimi. Akaanza kucheka mpaka akakaa mu udongo. Kiisha bote bakaelewa, moja moja, na tukakazana mpaka ikaingia mu mwili.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, juu batu baliitwa nyumba kwa nyumba. Komanda amekaa chini ya hema. Muzee Kasereka mu koti. Basoda bamejipanga, magoti yamekaza, banangojea wimbo wanaoujua. Nikaimbisha.

Mustari wa kwanza baliondoka vizuri, na kifua mbele. Kiisha ile ya tatu ikafika. Muguu ulikuwa umepanda na hakukuwa na fasi ya kuuweka. Bengine bakauweka, bengine bakaungojesha. Hatua yenye ilifuata, kwa bengine ikaanguka ku muguu wa kushoto, kwa bengine ku wa kuume. Wa nyuma bakakanyaga wa mbele. Mukubwa wao moja mwenye tumbo akapiga kelele "moja, mbili! moja, mbili!", mais korali ya Mususa ilikuwa na sauti kupita yake, sauti ine zote, na Kanyere ananguruma kama gari ya muzigo. Mustari mbili zikaingiliana. Kofia ya mutu ikaanguka. Kiisha mama moja, sijui nani, nyuma kabisa, akapiga kigelegele. Ni kimoja tu, na kilitosha.

Komanda akasimama. Alisema Lingala kwanza, na kasirani: "Nani asali boye?" Kiisha na Swahili, juu tusikie bote: "Nani amefanya hivi? Nani ameharibu wimbo?"

Muzee Kasereka aliangalia viatu vyake.

Nikatoka mu mustari. "Ni mimi."

"Imba ile ya kwanza."

"Ile ya kwanza mulisha kuikamata, komanda, pamoja na mbuzi. Hii njo ile yenye ilibakia."

Sikupanga kusema vile. Neno lilitoka lenyewe, na likiisha kutoka, maji ikimwangika haizoleke. Balinipeleka ku kasho, ku jela yao. Fimbo nilikula, hiyo unajua, uliniona mugongo. Mais kuko kitu haujui.

Mule ndani kulikuwa giza na harufu. Nilikaa pembeni ya ukuta nikangojea woga ikuje. Haikukuja. Nikangojea hasira. Ile ikakuja, nikasema sawa, kaa hapa, tuko babili. Nikaanza kuimba, sauti ya chini, na ile ya tatu mu fasi yake. Na pale, mwanangu, ku kasho, mugongo unawaka, ile amani yenye nilikuwa naimba myaka yote bila kuwa nayo, nikaipata. Sikujua itakuwa vile. Nilifikiri amani ni mutu kunyamaza ndani. Yangu haikunyamaza. Ilikuwa kama mutu ameweka mukono ku bega yangu na anasema: mimi pia sikubali. Nililia ile Muhindo alikosa kuliliwa, na sauti, bila kikwembe mu kinywa. Mulinzi akagonga mulango: "Mama, nyamaza!" Nikaendelea. Nyuma ya wakati akagonga tena, polepole: "Mama, endelea. Mais hapana sana."

Baliniacha nikatoka. Nilifikiri kanisa itanipokea. Kumbe kanisa ilikuwa imekaa, imenihukumu. Muzee Kasereka alisoma mbele ya bote: nimeweka kundi mu hatari, nimetengwa ku korali na ku Meza ya Bwana mpaka nitakapoomba msamaha. Nikainuka pale pale. "Niombe msamaha ya nini, muzee? Niseme nimekosa juu nilihesabu mpaka tatu?" Batu bakaficha midomo. Yeye akaniambia nikae, tena nyuma.

Toka ile siku mpaka leo niko nyuma. Ile banc ya nyuma ni baba yako aliitengeneza, ni ngumu na iko sawasawa, na naikalia bila haya. Korali banaimba wimbo wangu kule mbele, juu habakuweza kuuacha, na mimi nauimba huku, na Kanyere ananiambia sauti yangu inafika kwao ya kwanza. Mais siku ya Meza, sahani ikipita mikono ya batu bote na ikaruka mimi, inaniuma. Inaniuma kabisa, Masika. Sitakudanganya eti nimezoea. Naomba mukate na Mungu mwenyewe, naye haniruke.

Ulisha kuniuliza mara nyingi: "Mama, si useme tu pardon, iishe?" Mwanangu, pardon mimi naombaka. Nilimuomba Kanyere wakati nilimusingizia sufuria, na sufuria ilikuwa kwangu chini ya kitanda. Nilimuomba baba yako ile maneno niliyomuambia ku kaburi, eti alienda Kayna kufuata mbao na kutuacha. Nilimuomba mbele ya ndugu zake, na nilipiga magoti. Nilikuomba wewe, unakumbuka, nilikupiga bila sababu. Hainishinde. Ile ingine ya kununua fasi ku banc ya mbele, ile njo siwezi, na usinifundishe.

Basi Jérémie. Anasema wimbo ukinyooka, batu bengi batausikia. Ni kweli. Mara ya kwanza pia batu bengi baliusikia, nimekuambia vile ilikuwa. Basoda bangali barabarani, Masika, leo kofia hii, kesho ile. Kasete inafika kila fasi. Anasema anataka batu bacheze: bacheze na tatu! Bibi zako balicheza na tatu mpaka vumbi ikapanda, hakuna mwenye alivunjika muguu.

Sasa ile nilikuahidi.

Siku ile tulitoka ku mulima kurudi Butembo, baba yako alikuwa mbele kabisa na jembe yenye tulichimba nayo. Wewe ulimufuata. Mimi nilikuwa nyuma, kama siku ya kwenda. Kikwembe cha kubebea Muhindo ulikuwa umekikunja ku kichwa. Mugongo wako ulikuwa wazi. Na ulikuwa unatembea: hatua, hatua, kiisha unainama kidogo, unanyanyua. Hatua, hatua, unanyanyua. Hakukuwa na mutu ku mugongo, Masika, na bado ulikuwa unamunyanyua asianguke. Haukujua. Nilitaka kukuambia uache. Badala yake nikaanza kukufuata na miguu yangu, kiisha na pumzi, kiisha na ule wimbo, chini chini, pale pa tatu nikingojea mpaka uishe kumunyanyua. Tulishuka ule mulima wote vile, mpaka ku mulango wetu. Ile ilikuwa matanga yake. Hakukuwa na ingine.

Mwambie Jérémie, kama unataka kumuambia. Kama hautaki, mwambie tu mama amekataa, mama ni mutu wa kichwa ngumu, kanisa nzima inajua. Akiendelea kupiga vidole ku meza, beba wimbo wako urudi nao kwa mama mudogo, Beni haina kinanda kimoja tu. Na kama wewe mwenyewe utasema unyooshwe, nitabakia mama yako, nitakutumia maharagi, na nitauimba huku nyuma vile uko.

Mais usimuache aseme unachechemea. Ule wimbo hauchechemee. Umebeba mutoto.

Ni mimi mama yako,
wa banc ya nyuma